Kwa nini matabaka yangu yanageuka tope, na sehemu nene zinapasuka?

Swali: Nachora picha dhahania juu ya turubai kwa akriliki, rangi ya mafuta, vipande vya magazeti na mchanga. Ninapoanza, rangi zinang'aa, lakini kadiri ninavyoongeza matabaka, kila kitu kinaishia kuwa kahawia. Sehemu nene zinapasuka zikikauka, na picha moja, ambayo nilipaka akriliki juu ya rangi ya mafuta, imeanza kubanduka. Niweke nini juu ya nini, na nitajuaje kwamba picha imekwisha?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza mambo manne, na nilikusudia kuyajibu moja baada ya jingine, lakini nilipousoma ujumbe wako mara ya pili niliona kwamba tope, nyufa na kubanduka vinatoka mahali pamoja, nako ni kwenye muda wa kukauka. Mtu anayepaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi anakoroga, hata kama nia yake ni kujenga matabaka. Na mtu anayepaka kitu kinachokauka kwa nusu saa juu ya kitu kitakachoendelea kukauka kwa miezi amefunika jambo ambalo bado linatembea. Naomba basi unisikilize kwa urefu kidogo kuhusu kukauka, kisha tutarudi kwenye mchanga na magazeti.

Mchoraji aliyelielewa jambo hili mapema ni Jasper Johns. Alipokuwa akitengeneza picha yake ya bendera ya Marekani mwaka 1954 na 1955, alianza kwa rangi ya enameli ya kawaida, akaona kwamba inachelewa kukauka na kila mpako mpya unauvuruga uliotangulia. Akaiacha, akachukua nta iliyoyeyushwa na kuchanganywa na rangi, kwa sababu nta huganda mara tu inapopoa. Kila alama ya brashi ilibaki pale ilipowekwa, na inayofuata ikaikuta imekwisha kuwa ngumu. Chini ya nta hiyo kuna vipande vya magazeti, na ukiisogelea picha unaviona vikichungulia. Hakuongeza chochote cha ajabu; alitafuta tu njia ya kufanya kila tabaka lisimame peke yake kabla ya jingine kuja, na hapo ndipo wewe unapokwama.

Tuanze na kahawia yako. Kila chembe ya rangi hunyonya sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Unapokoroga rangi mbili zinazopingana, kama nyekundu na kijani, buluu na chungwa, au njano na zambarau, kila moja hunyonya kile ambacho mwenzake angekirudisha, na kinachobaki kufika kwenye jicho ni kidogo na hakina upande. Macho yetu hukiita kahawia au kijivu. Jambo hili haliepukiki kwa ustadi wa mkono. Ukiwa na rangi tano mbichi kwenye turubai na brashi inayopita juu ya zote, utafika kahawia bila shaka, na tofauti pekee ni muda utakaotumia kufika huko.

Rangi iliyokauka inakupa njia mbili nyingine. Ya kwanza ni utando mwangavu: rangi inayopitisha mwanga, iliyolegezwa kwa gundi ya akriliki isiyo na rangi ambayo wachoraji huiita midiamu, na kupakwa nyembamba juu ya tabaka kavu. Mwanga hupenya utando, hugonga rangi ya chini, kisha hurudi juu kupitia utando uleule. Sheria ya mwanga haijabadilika hapo, maana kila rangi bado inanyonya sehemu yake, na ukiweka utando wa kijani juu ya nyekundu kali utapata giza vilevile. Lakini kama tabaka la chini ni jeupe au hafifu, rangi ya juu huonekana kama inawaka kutoka ndani, na pale ambapo tabaka la chini halilingani, utando nao hubadilika hatua kwa hatua bila wewe kufanya kazi yoyote. Ya pili ni rangi iliyokatikakatika. Unachukua rangi nzito kidogo kwenye brashi karibu kavu, unaiburuza juu ya uso wenye vinundu, nayo inashika kwenye vilele tu na kuyaacha mabonde na rangi yao ya zamani. Rangi mbili zinazopingana zinakaa bega kwa bega bila kugusana, na jicho linaziona zote mbili kwa nguvu zake.

Ubavu huu kwa ubavu una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu. Alipozichunguza aligundua kwamba rangi yake haikuwa na kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha utafiti wake juu ya jinsi rangi jirani zinavyobadilishana sura. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nyekundu zaidi kwenye nyekundu unayoiona imekufa, jaribu kwanza kupoza kilicho kando yake kwa kijivu chenye ukijani kwa mbali. Mara nyingi nyekundu ile itafufuka bila kuguswa.

Ili uweze kutumia utando na rangi ya kufunika kwa makusudi, lazima ujue ipi ni ipi katika kisanduku chako, na wachoraji wengi wa miaka mingi hawajawahi kufanya jaribio hili rahisi. Piga mstari mweusi wa akriliki kwenye karatasi nene, uache ukauke kabisa, kisha upake juu yake kila rangi uliyo nayo. Rangi inayouficha mstari ni ya kufunika: nyeupe ya titani, kadimiamu, na nyingi za udongo wa okra. Inayouacha uonekane ni angavu: buluu ya fthalo na nyekundu za kwinakridoni ni mifano mizuri. Soma pia alama ndogo zilizo nyuma ya tyubu. PB15 ni buluu ya fthalo, PW6 ni nyeupe ya titani. Ukikuta alama tatu kwenye tyubu moja, ujue kwamba kiwanda kimekwisha kukoroga kwa niaba yako, na ukiichanganya na nyingine ya namna hiyo una chembe sita zinazonyonya mwanga kutoka pande zote. Mimi hununua tyubu zenye chembe za aina moja tu, hata kama ni chache. Na usiiamini nyeupe ya titani kama tiba ya kila kitu. Inang'arisha giza, lakini inaacha sura ya chaki, na ikiingia kwenye kila mchanganyiko picha nzima inakuwa na ukungu mmoja.

Alama hizo zina faida nyingine. Mark Rothko alipotengeneza michoro mikubwa kwa ajili ya chumba kimoja cha Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1960, alitumia nyekundu iitwayo lithol, ambayo haihimili mwanga. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa, na kufikia mwaka 1979 michoro hiyo ilikuwa imepauka kiasi cha kuondolewa. Katika kazi ya matabaka hasara ya namna hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu utando wa juu ukipauka, uhusiano wake na yote yaliyo chini unavunjika. Angalia kwenye tyubu kiwango cha kuhimili mwanga, na kalamu za wino wa rangi za kawaida za mezani uziache kwa ajili ya michoro ya kujaribia.

Sasa nyufa. Akriliki hukauka kwa maji kuondoka; chembe ndogo za plastiki zilizokuwa zikielea zinasogeleana, zinabanana, kisha zinaungana kuwa ngozi moja. Maji yakiondoka, ujazo hupungua. Kwenye mpako mwembamba upungufu huo hauna madhara, lakini kwenye mpako mnene uso hukauka kwanza na kuwa ngozi, huku ndani bado kukiwa kubichi. Ndani kunapokuja kusinyaa, ngozi ya juu inavutwa na kupasuka. Upepo wa feni na jua kali huharakisha kasoro hiyo. Baridi nayo ina ubaya wake, kwani chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi chembe haziungani vizuri na ngozi inakuwa dhaifu. Dawa ni uvumilivu tu: jenga unene kwa mipako ya milimita mbili au tatu, kila mmoja ukauke hadi katikati kabla ya unaofuata, na ikibidi funika picha kwa nailoni iliyolegea ili ikauke polepole.

Rangi ya mafuta hukauka kwa njia tofauti kabisa. Hakuna maji yanayoondoka. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, na kazi hiyo huendelea kwa miezi, na kwa mipako minene sana hata miaka, ingawa kwa kidole unahisi kukavu. Kutokana na hilo ndipo ilipotoka kanuni ya zamani ya kuweka chenye mafuta mengi juu ya chenye mafuta machache. Na kutokana na hilo ndipo unapopata jibu la picha yako inayobanduka: akriliki haina cha kushika kwenye uso wenye mafuta, na hata ikishika kwa wiki chache, mafuta ya chini yanaendelea kusogea huku ngozi ya plastiki ya juu ikibaki ilivyo. Kinyume chake kinakubalika. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka kabisa, isiyo na mng'ao wa kuteleza, hushika vizuri kama mpako wa mafuta ni mwembamba. Kwa hiyo kila kinachotumia maji hutangulia, na mafuta huja mwisho. Na pasteli za mafuta zihesabu kuwa mafuta, tena zaidi, kwa sababu hazikauki kabisa na hakuna kitakachoshika juu yake.

Turubai nalo lina sehemu yake ya lawama. Kitambaa kilichokazwa kwenye fremu hutikisika kikibebwa, hulegea na kukaza hewa inapobadilika, na mchanganyiko mzito uliokauka hauwezi kufuata mwendo huo. Nililipa ada ya somo hili mwenyewe: niliwahi kupaka mchanganyiko wa jasi na gundi kwenye turubai kubwa, unene wa kidole, nikaufurahia sana, na baada ya miezi michache nikaanza kukuta vipande sakafuni chini ya picha. Jasi iliyochanganywa na maji ni kavu na haina mnyumbuko. Haifai kwenye kitambaa. Kama unataka uzito, hamia kwenye ubao wa plaiwudi, uupake kinga mbele na nyuma ili usipinde kwa kuvuta unyevu upande mmoja, kisha uupake tabaka la msingi, lile jeupe liitwalo geso. Mtaliano Alberto Burri, katika miaka ya 1970, alifanya nyufa zenyewe kuwa picha: alipaka mchanganyiko mzito wenye kaolini, yaani udongo mweupe laini, na gundi juu ya ubao mgumu, akauacha upasuke kama ardhi ya kiangazi, kisha akausimamisha kwa gundi mahali alipotaka. Nyufa zake hazikubanduka kwa sababu kilichokuwa chini hakikutikisika.

Kuhusu mchanga, hauko peke yako wala hujakosea kuutumia. Georges Braque alikuwa akichanganya mchanga na vumbi la mbao kwenye rangi zamani, mnamo 1912, mwaka uleule ambao yeye na Pablo Picasso walianza kubandika karatasi na kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta kwenye picha. Jean Dubuffet aliongeza changarawe na lami katika miaka ya 1940, na Antoni Tàpies akajenga kuta nzima za unga wa marumaru. Jackson Pollock, katika picha moja ya mwaka 1947, alizamisha misumari, vifungo, ufunguo na sarafu chini ya rangi iliyomwagwa. Kinachotakiwa ni kwamba kila punje izungukwe na gundi. Osha mchanga mpaka maji yatoke safi, hasa wa baharini, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na hutokeza juu kama unga mweupe, ukaushe, kisha uuchanganye na midiamu ya akriliki badala ya kuunyunyizia juu ya rangi iliyopakwa. Ukisugua mpako mkavu kwa kiganja na punje zikatoka, gundi haikutosha. Chuma kinachoingia kwenye picha kipakwe vanishi kwanza, la sivyo kutu itapenya. Isipokuwa kama kutu ndiyo rangi unayoitaka.

Gazeti lina ligini, ile sehemu ya mti inayolifanya liwe la manjano na kuvunjika likikaa kwenye mwanga. Ukilifunika kwa midiamu pande zote mbili utachelewesha hali hiyo, hutaizuia. Wapo wanaoupenda umanjano huo, nami ni mmoja wao, lakini kama unahitaji weupe ubaki, chapisha maandishi yako kwenye karatasi isiyo na asidi. Paka midiamu chini, laza karatasi, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, paka midiamu juu, kisha uiache. Hewa iliyobaki chini ya karatasi itakuja kuwa malengelenge baadaye, pale ambapo huwezi tena kuifikia.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, nami naliona ni kubwa kuliko mpangilio wa matabaka. Umbile la uso na rangi hushindania jicho moja. Kila kinundu kina upande wa mwanga na upande wa kivuli, kwa hiyo uso wenye mchanga tayari una weusi na weupe wake hata kabla hujatia rangi. Ukiuwekea juu yake rangi saba zenye nguvu sawa, vivuli vya mchanga vitazikatakata na utaona vurugu, ambayo kutoka mbali huonekana kahawia ileile hata kama hukuchanganya kitu. Pale umbile lilipo zito, punguza rangi ibaki moja au mbili zinazokaribiana. Pale uso ulipo laini, rangi inaweza kupiga kelele. Na kabla ya kuanza rangi, piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama giza na nuru havina mpango hapo, rangi haitaleta mpango.

Matabaka mazuri pia huundwa kwa kuondoa. Baada ya mipako minne au mitano kukauka, chukua msasa wa maji, lowesha, usugue vilele taratibu, na utaona rangi ulizozisahau zikitokea kama pete kwenye gogo lililokatwa. Mchoraji Mark Bradford amejenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa kubandika karatasi juu ya karatasi, kisha kuichana na kuisugua hadi chini. Usisugue kukavu, na vaa barakoa ya vumbi. Kadimiamu iliyo kwenye baadhi ya rangi ni metali yenye sumu, haipaswi kuingia kifuani mwa mtu. Kwa kisu cha rangi unaweza pia kukwangua mpako ukiwa bado mbichi juu ya uliokauka, na hapo makosa hayakugharimu chochote, kwani kitambaa chenye maji kinakurudisha ulipokuwa.

Nitajuaje kwamba imekwisha? Sina kipimo cha uhakika, ila nina mazoea mawili. Kwanza naiweka picha karibu na ukuta na kuimulika kwa taa kutoka ubavuni, halafu kutoka mbele. Ikionekana nzuri kwa taa ya ubavuni tu, umbile linafanya kazi yote na rangi haijafanya yake. Pili, ninatafuta sehemu tatu ambapo tabaka la kwanza kabisa bado linaonekana. Nisipozipata, nimeshapita mahali pa kusimama, na kinachofuata ni msasa, si brashi. Kuna pia ishara ambayo naiogopa: ninapoanza kufanya picha nzima ifanane na kona moja niliyoipenda. Hapo huweka brashi chini kwa siku kadhaa, maana kona ile ilipendeza kwa kuwa haikufanana na nyingine.

Ile picha inayobanduka usiifunike kwa tabaka jipya wala usiigundishe kwa juu, kwa sababu utakuwa unabandika ngozi kwenye ngozi huku chini pakiwa na mafuta yaleyale. Ingiza kisu chembamba chini ya akriliki na utoe yote inayokubali kutoka. Kuna uwezekano mkubwa itatoka vipande vipana vyenye rangi zake kamili, laini kama ngozi. Vilaze kwenye karatasi ya kuokea, usivipange kimoja juu ya kingine kwa kuwa akriliki hushikana yenyewe. Ukishatayarisha ubao wako wa kwanza wenye geso, vifute mafuta kwa sabuni na maji upande wa nyuma, vikaushe, kisha vibandike kwa midiamu kama ungebandika gazeti. Tabaka la mafuta lililobaki kwenye turubai liache likauke kwa miezi mingine sita, na ukilirudia, lirudie kwa mafuta tu.